Kupanga rola za tela ili boti ikae sawa, kwa sisi wa mabwawa ya Mtera na Hombolo

Wakuu, boti nyingi za faiba zinazofika huku kwetu zinatoka Dar zikiwa juu ya tela ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, mtu kanunua boti kwa huyu tela kwa yule, akazifunga kamba pamoja zikapanda zaidi ya kilomita 400 mpaka Dodoma, halafu baada ya muda anashangaa mbona mkuku umechimbika na tumbo la boti limebonyea kwa nyuma. Mara nyingi boti haina shida na tela halina shida, ni rola tu, yaani vile vigurudumu vya mpira vinavyoibeba boti juu ya tela, hazijafuata umbo la boti. Kazi yenyewe unaifanya uani kwako ukiwa na jeki mbili za chupa, mbao nene, magogo, spana, pima maji, uzi wa nailoni na kijana mmoja wa kukushikia.

Kwanza uelewe mzigo unatakiwa ukae wapi. Nguvu ya boti iko kwenye mkuku, yaani ule mgongo mnene wa chini katikati, na kule nyuma panaponing'inia injini, hizo bapa za pembeni, yaani sehemu tambarare za tumbo la boti, ni faiba nyembamba tu. Kwa hiyo kwenye tela la kawaida, rola za katikati ndizo zinabeba, za pembeni kazi yake ni kuzuia boti isilale upande. Mafundi wengi wanafanya kinyume, wanapandisha za pembeni mpaka mkuku unaning'inia hewani, boti inaonekana imetulia kabisa haitikisiki na mwenye mali anafurahi, kumbe uzito wote uko kwenye vimpira vinne vinavyosukuma faiba kwenda ndani. Ila kuna matela yenye rola nyingi ndogo ndogo pembeni, zimefungwa kwenye mikono inayocheza, hayo yametengenezwa yabebe kwa pembeni toka mwanzo, usiyalazimishe.

Egesha tela kwenye zege au ardhi ngumu, weka mawe mbele na nyuma ya kila tairi, halafu shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, inyanyue mpaka pima maji ionyeshe chesesi imelala kama inavyolala ikifungwa kwenye gari lako. Usiruke hapa maana vipimo vyote vinavyofuata vinategemea hapo. Toa nanga, nyavu, betri na madumu ya mafuta, na fungua kizibo cha chini maji yatoke, lita 100 za maji yaliyosahaulika ndani ni kilo 100 unazipandisha bure.

Kuinua boti weka jeki chini ya mkuku na ubao mpana katikati, usiweke kwenye bapa hata siku moja. Ikishanyanyuka tu sukumia magogo chini yake, jeki ikishuka yenyewe kiganja chako hakina spea.

Kabla hujagusa urefu wa rola, panga boti mbele na nyuma. Ukuta wa nyuma unaoshika injini ukae juu ya rola za mwisho kabisa, kwa sababu boti ikipitiliza hata kiganja tu, injini inaivuta chini kila unapopita kwenye tuta na taratibu chini ya boti panajikunja, ukiwa majini utaona haikimbii kama zamani na pua inainama. Kama haifiki au inapitiliza, legeza nguzo ya winchi (ile mashine ya mbele ya kuvutia boti) uisogeze mbele au nyuma mpaka ikae. Halafu pima uzito wa shingo ya tela. Kwa tela la boti iwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, yaani boti na tela vikiwa na kilo 800 basi shingo iwe na kilo 40 mpaka 80, ile mizani ya kupimia magunia inatosha kabisa. Pimia vitu vyako vikiwa vimerudishwa ndani lakini. Shingo ikiwa nyepesi tela litapiga mkia barabarani, na dawa yake ni kusogeza ekseli, siyo kuitoa boti kwenye rola zake za nyuma.

Sasa rola za katikati. Funga uzi kutoka rola ya nyuma kabisa mpaka ya mbele uone mstari. Mkuku kwa nyuma huwa umenyooka, ukienda mbele unapanda, kwa hiyo za nyuma zikae mstari mmoja na za mbele zinyanyuke kuufuata. Anza na ya nyuma, kisha ya mbele, za kati zipandishe mwisho mpaka ziguse. Shusha boti polepole, chukua kipande cha boksi ujaribu kukipitisha kati ya rola na mkuku. Kikipita bila kugusa chochote rola hiyo ni pambo, haibebi. Kikigoma na ukaona mpira umetoka tumbo pembeni kama tairi lisilo na upepo, hiyo imebeba mzigo wa wenzake, ishushe nusu sentimita au pandisha za jirani, inua, shusha, jaribu tena. Inachosha, ndiyo.

Za pembeni zije mwisho kabisa. Pandisha mpaka iguse halafu uishie hapo, ukiizungusha kwa mkono izunguke kwa ubishi kidogo. Isikae juu ya ile mistari iliyotokeza chini ya boti wala kwenye kifaa cha kupimia kina kama unacho. Mwambie kijana aitikise boti, ikicheza kidogo sana ni sawa tu.

Nati za yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazoshika rola kwenye chesesi, kaza kwa zamu, huku kidogo kule kidogo, usining'inie kwenye spana mpaka bomba la skwea linaminyika. Na fundi wa kuchomelea akikwambia "tupige welding tu bosi isisumbue tena", mkatalie kwa heshima, zinki inaungua pale kutu inaanza, na ukibadilisha boti huna tena cha kurekebisha.

Kwa watu wa Mtera kuna la ziada. Kiangazi maji yanarudi nyuma sana, unabaki na tope refu na hakuna sehemu ya kushushia iliyojengwa kila mahali, tela haliingii majini vya kutosha na boti inavutwa na winchi kuanzia kwenye tope. Hapo rola ya nyuma ndiyo inapokea pua, iwe pana na izunguke kweli kweli. Mkanda wa winchi uvute ukiwa umenyooka na pete ya boti, ukivuta kwa juu kwenda chini unaikandamiza pua kwenye rola. Na usikae pale maji ya magoti unahangaika na kota pini, vile vipini vya waya vinavyozuia pini ya rola isichomoke, mle kuna mamba na viboko.

Mpira mweusi jua letu unaupasua, kwa hiyo ukibadilisha tafuta zile za poliyurethane, zinadumu zaidi na haziachi alama nyeusi kwenye faiba. Pini zake paka grisi.

Barabarani winchi peke yake haitoshi, funga mikanda na nyuma. Safari ya kwanza ukifika Mlowa Barabarani, njiani kwenda Mtera, simama, pita na spana kila nati, utakuta kadhaa zimelegea maana mpira umeshajikalia, kaza, halafu angalia kota pini zote zipo ndiyo uendelee.