SOMO: Jinsi ya kucheza Civilization V kwenye kompyuta ya zamani mpaka umalize gemu

Wakuu habari zenu. Naona wengi wanaipenda hii gemu ya kujenga taifa na kupigana na mataifa mengine kwa zamu, ila wanaiacha njiani kwa sababu mashine zao zimechoka, wanashusha grafiksi zote mpaka chini, zamu 50 za mwanzo inateleza vizuri tu, halafu wakifika zamu ya 200 wanabaki wanaangalia maandishi ya Please Wait mpaka wanaifunga kwa hasira. Gemu yenyewe ni ya 2010, mimi naichezea laptopu yenye Core 2 Duo na ramu 2 GB na namaliza kabisa, kwahiyo inawezekana, tatizo watu wanatibu ugonjwa usio wenyewe.

Kabla hujagusa setingi yoyote elewa kwamba uzito uko wa aina mbili. Kuna uzito wa picha, yani ukiburuta ramani inakwamakwama, huo ni wa kadi ya grafiksi. Halafu kuna uzito wa zamu, umeshabonyeza Next Turn na sasa kompyuta inawapigia hesabu wapinzani wote, kila mji, kila jeshi, mmoja baada ya mwingine, hapo ni prosesa na ramu, na ukishusha grafiksi hadi sifuri hausaidii kitu. Huu wa pili ndio unaoua gemu.

Hatua ya 1. Pima. Fika katikati ya gemu, bonyeza Next Turn halafu usiangalie kioo, angalia ile taa ndogo ya diski kwenye laptopu. Ikiwaka mfululizo bila kuzima na mshale wa mausi unagandaganda, ramu imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni taratibu mno. Kama taa imetulia ila feni inavuma, basi ni prosesa inapiga hesabu. Laptopu isiyo na taa fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc utaona hayo hayo.

Hatua ya 2, na hii ndio kubwa kuliko zote: chagua ramani ndogo. Ramani ya Standard ina mataifa 8 na miji-dola 16 (miji midogo inayojitegemea), Huge ina mataifa 12. Ramani ya Small ni mataifa 6 na miji-dola 12, Tiny ni mataifa 4 na miji-dola 8. Kila taifa unaloliondoa ni majeshi na miji ambayo kompyuta haitaihesabu tena mpaka mwisho wa gemu. Mimi nacheza Tiny, na miji-dola naipunguza mpaka 4 kwenye Advanced Setup, ile menyu ya kupanga gemu kabla ya kuanza. Wengine watasema gemu inapoa, mimi sikubali, mataifa manne kwenye ramani ndogo mnagusana mapema na vita vinaanza mapema.

Hatua ya 3. Washa Quick Combat na Quick Movement, usisubiri kila askari wa mpinzani atembee mbele yako.

Hatua ya 4. Grafiksi zote Low au Minimum, hasa Leader Scene, maana ukiweka chini kabisa kiongozi anatokea kama picha iliyosimama badala ya kupakia mandhari nzima kila akija kukuomba dhahabu. Wakati wa kuwasha gemu chagua DirectX 9. Na jifunze F10, inageuza ramani kuwa michoro bapa ya pembe sita, inakuwa nyepesi ajabu, na kwa kweli rasilimali unaziona vizuri kuliko ramani ya kawaida, siku hizi nacheza hivyo muda wote.

Hatua ya 5. Funga brauza. Sio kushusha chini, funga kabisa. Chomeka chaja na weka High Performance kwenye setingi za umeme za Windows, kwa sababu laptopu ikiwa kwenye betri huwa inapunguza kasi ya prosesa.

MASWALI

Mkuu picha zangu zinatoka 15 tu kwa sekunde, si mbaya?
Kwa gemu ya kupiga risasi ni mateso, ila hapa hakuna anayekuvamia wakati unafikiria. 15 inatosha kabisa, usihangaike nayo.

Nikishusha ugumu zamu zitakuwa haraka?
Kidogo. Ugumu ukipanda mpinzani anapewa nyongeza za uzalishaji, sio akili mpya, kwahiyo anajaza majeshi mengi na majeshi mengi ni hesabu nyingi. Lakini usishushe kwa sababu hiyo, punguza ramani.

Naweza kuzima autosave? Kila ikisevu inaganda.
Usizime mkuu, nakuomba. Mashine ya zamani ndio inayozima ghafla, mimi nimewahi kupoteza jioni nzima ya vita niliyokuwa nashinda. Ongeza tu idadi ya zamu kati ya sevu moja na nyingine.

Yangu inaanza vizuri, baada ya nusu saa inakuwa nzito hata kwenye menyu.
Hilo ni joto. Prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe. Safisha vumbi kwenye feni, na usiiweke juu ya kitanda, godoro linaziba matundu ya hewa.

Nina hela ya kununua kitu kimoja, ramu au SSD (ile diski ya kasi)?
Rudi hatua ya 1. Taa ikiwaka mfululizo anza na ramu, toka 2 GB kwenda 4 utaona tofauti siku hiyo hiyo. SSD inaharakisha kufungua gemu na kupakia sevu, ila hesabu za zamu haizigusi.

Mimi nina ramu 1 GB tu.
Hapo Civilization V achana nayo, itakutesa bure. Chukua Freeciv, ni ya bure, ilianza 1996 na mchezo ni ule ule wa kujenga miji na kuvumbua teknolojia. Anza na ramani ndogo na wapinzani watatu, ukikwama sema umekwamia wapi.