Mashine ya kukuzia picha ya mtumba: anza na nguzo
Ukipata mashine ya kukuzia picha (ile inayomulika filamu ili picha yake itokee kubwa kwenye karatasi) iliyokwisha kutumika, usikimbilie lenzi. Shika kichwa chake ukisukume taratibu. Nguzo inayokibeba ikiyumba, achana na mashine hiyo. Lenzi hubadilishwa, lakini nguzo iliyolegea itakusumbua kila picha. Hakikisha pia kishikio cha negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kipo, maana kukitafuta peke yake baadaye ni kazi kwelikweli. Lenzi imulike kwa tochi: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu. Filamu ya milimita 35 hutaka lenzi ya milimita 50.

Ukishaiweka mezani, isawazishe. Chukua kipande cha filamu kilichopigwa na mwanga kikasafishwa kikawa cheusi tii, kikwaruze kwa sindano mistari ya kukatizana kutoka pembe hadi pembe. Kiweke kwenye kishikio cha negativu, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, lenga katikati hadi mistari ikate kama wembe, kisha tazama pembe nne za picha inayomulikwa. Upande mmoja ukififia, kichwa kimeinama. Kirekebishe kidogo kidogo, ukilenga upya kila mara. Tafadhali usibane tundu la lenzi kuficha kasoro hiyo.