Uma wa mtumba wenye bomba fupi: kupima, kutafuta milimita na kufunga

Mtu akichagua uma wa baiskeli, yaani kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele, kwenye rundo la vyuma vya mtumba, jicho hukimbilia miguu: imenyooka, imepinda, ina kutu kiasi gani. Shida huja baadaye, na huletwa na bomba, lile linalopanda ndani ya shingo ya fremu na kutokea juu kwenye nati. Fremu za mzigo za inchi 28, zile zinazopandisha madumu ya maji na magunia ya korosho huku Newala na Tandahimba, zina shingo ndefu. Uma nyingi zinazouzwa peke yake zimetoka kwenye baiskeli za mlimani, za kike au za watoto, na bomba zake zilikatwa kwa kipimo cha fremu hizo. Ukipeleka nyumbani bila kupima, nati ya juu inashika thredi mbili, au haishiki kabisa.

Pima kabla ya kulipa

Usifungue baiskeli kwanza. Uma wa zamani ukiwa bado umefungwa, chukua rula ya chuma na upime kuanzia pale koni ya chini (pete ambayo gololi huzunguka juu yake) inapokalia kichwa cha uma hadi ukingo wa juu wa loknati, ile nati ya juu kabisa. Kipimo hicho kimeshajumlisha shingo, vikombe vyote viwili vya gololi vilivyopigwa kwenye ncha zake, koni na nati. Toa milimita 1 au 2, kwa sababu loknati ina mdomo unaofunika ncha ya bomba, na bomba halitakiwi kuugusa. Unachobaki nacho ndio urefu wa bomba unaotafuta. Kama uma wa zamani ulivunjika na kila kitu kimeshatoka, pima shingo tupu, panga vikombe na koni zake mezani vikiwa na gololi ndani, ongeza unene wao na wa loknati, kisha toa zile milimita 1 au 2.

Mfano. Shingo ni milimita 130. Koni ya chini na kikombe chake vinaongeza 12. Huku juu kuna kikombe, koni, washa yenye jino, kishikio cha taa, spesa (pete ya kujazia nafasi) na loknati, jumla 24. Inakuwa 166, na bomba linalofaa ni la 165 hivi. Uma ulioupenda una bomba la 156. Umepungukiwa na milimita 9, na hizo, kama utakavyoona, zinapatikana bila kuchomelea kitu.

Kipimo cha pili ni unene. Bomba la inchi 1 lina milimita 25.4 kwa nje, la inchi 1 na 1/8 lina 28.6. La pili haliingii kwenye vikombe vya la kwanza, hata ukipiga nyundo hadi jioni. Bomba na vikombe vyako vikitofautiana, rudisha uma kwenye rundo.

Cha tatu ni pale koni ya chini inapokaa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoumia. Kwenye bomba za inchi 1, uma nyingi za Kijapani zina kikalio cha milimita 27.0, na zile za kipimo cha kimataifa zina 26.4. Tofauti ni milimita 0.6, huioni kwa macho. Koni ya 26.4 ikipigwa kwenye kikalio cha 27.0 inapasuka. Koni ya 27.0 kwenye kikalio cha 26.4 inacheza, na uma utagonga kila ukishika breki, hata ukaze loknati namna gani. Njia salama ni kununua uma pamoja na koni yake ya chini, kisha kuangalia kama koni hiyo inakubaliana na kikombe na gololi za fremu yako. Usijaze nafasi kwa kipande cha kopo la soda. Kitakaa wiki moja.

Thredi nazo ziangalie. Bomba nyingi za inchi 1 zina thredi 24 kwa inchi, lakini baiskeli kongwe za Raleigh za Uingereza zina 26. Nati ya 24 kwenye bomba la 26 huingia mzunguko mmoja au miwili vizuri, halafu inakuwa nzito. Ukilazimisha kwa spana umeharibu vyote viwili.

Bomba refu nalo lina mtego wake

Ushauri wa kawaida ni kununua uma wenye bomba refu na kulikata. Ni ushauri mzuri, ila kwa bomba lenye thredi unapokata juu unakata thredi. Bomba likiwa na thredi za milimita 50 na wewe ukakata 25, zilizobaki ni 25. Koni ya juu inatakiwa kushuka hadi kwenye gololi, na juu yake washa na loknati. Hivyo baada ya kukata zibaki si chini ya milimita 30. Zisipofika, koni itakwama juu ya gololi na uma utaning'inia.

Unapokata, pitisha loknati kwenye bomba kwanza, iteremshe chini ya alama, ndipo ukate kwa msumeno wa chuma. Lainisha ncha kwa tupa, kisha itoe nati kuelekea juu: inaponyooshwa na thredi nzima huku ikitoka, inazisafisha zile zilizoumizwa na msumeno.

Kutafuta milimita

Turudi kwenye uma wetu uliopungukiwa na 9. Anza na vitu vilivyobanwa kati ya koni ya juu na loknati ambavyo havina kazi pale. Kishikio cha taa kina milimita 2 hadi 3. Taa ihamie kwenye usukani. Kishikio cha kikapu kinahamia kwenye ekseli. Spesa ya alumini mara nyingi iliwekwa kiwandani kwa sababu tu bomba lilikuwa refu, hivyo kuitoa hakudhuru. Kwenye mfano wetu kishikio na spesa vinatoa 6.

Zimebaki 3. Loknati zina unene tofauti: zipo za milimita 10 na zipo za 7. Chambua kwenye kopo la nati la fundi baiskeli yeyote, tafuta nyembamba yenye thredi ileile, na hesabu imefunga.

Washa yenye jino iwe ya mwisho kutolewa. Jino lake linakaa kwenye mfereji wa bomba na kuizuia koni isizunguke unapokaza loknati. Ukiitoa unapata milimita 2 hivi, lakini kuanzia hapo utahitaji spana mbili, moja ishike koni na nyingine ikaze nati, na marekebisho yatalegea upesi kwenye barabara za vumbi.

Baada ya hapo, kilichobaki ni kubadilisha seti nzima ya vikombe na koni kwa seti iliyo fupi. Zinatofautiana kwa milimita 5 na zaidi. Pima seti mbili tatu dukani kabla ya kuchagua. Muuzaji hana kipimo hicho kichwani.

Jaribio la mwisho ni kuhesabu mizunguko. Funga uma bila grisi, kaza loknati kwa mkono hadi mwisho, weka alama ya chokaa juu yake, kisha ifungue ukihesabu. Kwa thredi 24 kila mzunguko ni milimita 1.06. Ukipata mizunguko 5 kamili au zaidi kabla nati haijatoka, endelea. Mitatu haitoshi, kwa sababu thredi hizo ndizo zinazozuia koni isijifungue, na koni ikijifungua gololi zinahama na usukani unashikwa njiani.

Uma wa stemu ya kubana

Uma za baiskeli za mlimani, hasa zenye shokapu, mara nyingi hazina thredi. Stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, haizami ndani ya bomba. Inalikumbatia kwa nje na kubana kwa bolti mbili. Hapa bomba linatakiwa kuwa refu zaidi, maana stemu yenyewe inakula milimita 40 hivi. Hesabu ni shingo, vikombe na koni, kimo cha stemu, kisha toa 3: ncha ya bomba ikae milimita 3 chini ya ukingo wa stemu ili kifuniko cha stemu kipate nafasi ya kukandamiza.

Bomba likipungua, toa spesa zote chini ya stemu. Kifuniko cha gololi za juu, kile chenye umbo la pia, kikiwa cha milimita 15, kibadilishe kwa bapa. Pete iliyokatwa iliyo chini ya kifuniko hicho usiitoe, hiyo ndiyo inayoliweka bomba katikati. Halafu tafuta stemu fupi ya kwenda juu. Zipo za milimita 32 hivi.

Usichokubali ni bolti ya juu kubana hewa. Bomba likiishia katikati ya stemu, stemu inajikunja pale ilipo tupu, ukingo wa bomba unakuwa kisu, na ufa unaanzia hapo. Kile kipandishio cha stemu kinachouzwa kama dawa ya bomba fupi hakitibu kitu: kinainua usukani, lakini chenyewe kinataka kubana bomba lenye urefu kamili. Kusaga stemu kwa grenda ili ipungue kimo ni kukata chuma kinachoshika bolti.

Shokapu ina jambo jingine. Ni ndefu kuliko uma wa kawaida, na kila milimita 20 unazoinua mbele zinalaza shingo kwa nyuzi 1 hivi. Kwa baiskeli ya kupandia mtu mmoja unaweza kuvumilia. Kwa baiskeli yenye madumu 4 ya lita 20 nyuma, yaani kilo 80 za maji, mbele inakuwa nyepesi na usukani unayumba mlimani.

Kuchomelea bomba

Mtaani utaambiwa: kata juu ya uma mbovu, unganisha na huu, piga welding, saga, basi. Tunasema usifanye. Kiungo cha ncha kwa ncha kina chuma kilichoungua pande zote mbili, na bomba hili linapinda kidogo kila tairi linapoingia shimo. Ndani kunabaki uvimbe wa welding unaozuia stemu kuzama, na mara nyingi kabari ya stemu, ile inayoibana ndani ya bomba, inaangukia palepale kwenye kiungo, hivyo kukaza stemu ni kukipasua. Bomba likipinda nusu milimita kwa joto, koni mbili hazitazamani tena, na gololi zinakula upande mmoja. Kwenye tambarare ya Mikindani huenda likadumu. Kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma, bomba likikatika usukani unabaki mkononi na gurudumu linakwenda kwake.

Sumaku itakuambia kama bomba ni chuma. Isiposhika ni alumini, na hapo mjadala wa moto umeisha.

Kwa uma wa chuma wa thamani, kazi inayokubalika ni kung'oa bomba lote na kuweka jipya hadi ndani ya kichwa cha uma, likiunganishwa kwa gesi na shaba. Bomba liwe la nje 25.4 na ndani 22.2, ili stemu ya kuzama ipite. Bomba la maji la robo tatu halifai. Lina karibu milimita 27 kwa nje, koni haipiti. Kwa gharama ya gesi, mara nyingi uma mwingine ni nafuu.

Kufunga

Safisha vikombe kwa mafuta ya taa na uviangalie kwenye mwanga. Ukiona vidimbwi vidogo vimejipanga kwenye njia ya gololi, badilisha, la sivyo usukani utakuwa unanasa ukiwa umenyooka. Ishushe koni ya chini kwa kipande cha bomba kinachopita juu ya bomba la uma, ukigonga sawasawa hadi mlio ubadilike na kuwa mkavu. Chini yake isipite hata karatasi.

Jaza grisi kwenye kikombe cha chini na kile cha juu, kwa ukarimu. Hewa ya chumvi ya pwani inakula gololi kavu mapema. Gololi za bomba la inchi 1 kwa kawaida ni za inchi 5/32. Zipange hadi kikombe kijae, kisha toa moja ili zipate kupumua. Usichanganye za zamani na mpya. Kama ziko kwenye kishikilio (pete inayozishika pamoja), chuma cha kishikilio kisiguse koni wala kikombe; kikigusa umekigeuza.

Pandisha uma, zungusha koni ya juu kwa vidole hadi iguse gololi, irudishe kidogo sana, weka washa, kaza loknati huku umeshika koni. Kukaza huku kunaishusha koni kidogo, kwa hiyo utarudia mara mbili tatu hadi ipatikane. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole chako kikiwa kati ya kikombe cha chini na kichwa cha uma. Ukisikia mchezo, kaza. Inua mbele na uinamishe fremu pembeni: usukani uanguke wenyewe bila kusukumwa. Ukisimama njiani, legeza.

Stemu ya kuzama ipakwe grisi na ishuke hadi alama yake ya mwisho ifichike ndani. Kabari ikae chini ya eneo la thredi, kwa kuwa pale bomba ni jembamba na kabari hulitanua. Hili ni muhimu zaidi kwenye bomba ulilolikata, kwani thredi zake zinaweza kuwa zimeshuka chini kuliko unavyodhani.

Endesha siku mbili bila mzigo, kisha kaza loknati tena, maana grisi ikishatulia na koni ikishakalia vizuri lazima kutatokea mchezo kidogo. Gunia lipande baada ya hapo.