Kile kitundu cha juu cha raba kina kazi yake

Jamani mnaokimbia mbio za barabarani hapa Kampala, zile za kilomita 10 au 21, kama kila ukimaliza unakuta kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi usilaumu lami, angalia kamba. Raba nyingi za kukimbilia zina kitundu kimoja cha ziada juu kabisa karibu na kifundo ambacho huwa hatukitumii, mimi miaka yote nilidhani ni pambo. Sasa chukua kamba iingize kwenye hicho kitundu upande uleule ilipo, acha kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, halafu kila ncha ipitishe kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta ibane ndo ufunge kama kawaida. Kisigino kinashikwa nyuma, kwa hiyo ukishuka kilima cha Kololo au Nakasero mguu hautelezi mbele kugonga pua ya kiatu, na ni huko kugonga hatua baada ya hatua kunakoua kucha. Kwenye kupanda sioni tofauti sana, faida iko kwenye mteremko. Ila kama raba yenyewe ni ndogo au kucha hujakata, hapo hamna kamba ya kukusaidia. Na usikaze kama unafunga gunia la mkaa, mguu ukianza kufa ganzi kwa juu simama ulegeze hata kama wenzako wanakupita. Jaribu mazoezini kwanza, sio asubuhi ya mbio.