Kazi za mzingani kwa majira: mwongozo kwa mfugaji nyuki mdogo mkoani Tabora

Mtu mwenye mizinga mitano au kumi, ambaye huenda manzukini, yaani mahali alipoweka mizinga, mwisho wa juma kwa sababu siku nyingine yuko darasani, dukani au ofisini, huona ni rahisi kupanga kazi zake kwa kalenda ya ukutani. Katika miombo ya Tabora kalenda hiyo haimfikishi mbali. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na nyuki huongezeka, hugawanyika, huweka akiba au huhama kwa kufuata maua, ambayo mwaka huu huweza kutangulia na mwaka ujao yakachelewa. Kwa hiyo anza na daftari. Andika tarehe ambayo mti wa mtundu ulianza kuchanua katika eneo lako, ukaandika vivyo hivyo kwa miti ya muba na mrama, kisha uulize wazee waliochonga mizinga ya magogo, kwa kuwa wao huijua ratiba ya maua ya bonde lao kuliko kitabu chochote.

Kiangazi ni wakati wa matayarisho. Mitundu na miyombo huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijashika, na mabumba ya nyuki, yaani makundi yaliyohama mizinga yao, hutafuta makazi kipindi hicho, hivyo mzinga mtupu uwe umetundikwa kabla ya maua. Utundike kwa waya kati ya miti miwili, usawa wa kiuno, mbali na njia, mazizi na nyumba, na uzipake waya grisi ili sisimizi na siafu wasipite. Kuning'inia huko humpa nyegere naye taabu ya kuupata. Ndani, sugua nta iliyoyeyushwa pamoja na gundi ya nyuki, ule utomvu wanaozibia nyufa, kisha uongeze majani ya mchaichai yaliyopondwa, ambayo harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki huitumia kuitana. Kama mzinga ni wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, hakikisha kila kiunzi kina upana wa milimita 32, kwa sababu huo ndio umbali ambao nyuki wetu huacha kati ya kitovu cha sega moja na lingine. Viunzi vya kukadiria kwa macho huzaa masega yaliyopinda na kuunganika, na mzinga wa namna hiyo haukaguliki tena bila kuharibiwa.

Fyeka pia nyasi na ukwangue ardhi kuizunguka manzuki, maana moto wa kichaa wa kiangazi hauchagui. Weka chombo cha maji chenye mawe au vijiti vya kutulia nyuki. Kama jirani analima tumbaku au pamba, zungumza naye mapema kuhusu siku za kupulizia dawa, na umwombe apulizie jioni nyuki wakisharudi. Mazungumzo hayo huzaa matunda zaidi yakifanywa na kikundi kuliko na mtu mmoja.

Wakati wa mvua kazi ni ndogo: angalia kama paa linavuja, kama sisimizi wamepata daraja la majani hadi kwenye waya, na kama nondo wa nta wameingia katika masega ambayo kundi dogo halimudu kuyalinda. Masega hayo yaondolewe. Utitiri wa varoa, vidudu vidogo vinavyowanyonya nyuki, upo nchini, lakini nyuki wetu kwa kawaida hustahimili bila tiba, na sioni sababu ya mfugaji mdogo kununua dawa ambayo mabaki yake yataishia katika nta na asali.

Mavuno makubwa huja mvua zikiisha, kati ya Mei na Julai, na mengine madogo karibu na Novemba na Desemba. Siku ya Nyuki Duniani, tarehe 20 Mei, huangukia mwanzoni mwa kipindi hicho, na baadhi ya watu huvuna mapema ili wapate chupa ya kuonyesha. Ni haraka isiyo na tija, kwani asali ambayo nyuki hawajaifunika ina maji mengi na huchacha. Sega lililofunikwa kwa nta angalau theluthi mbili ndilo la kukatwa.

Nenda jioni, jua likizama, mkiwa wawili, suruali ikiwa juu ya gambuti na mikono ya vazi ikiwa imefungwa. Washa bomba la moshi kwa magunzi au samadi kavu ya ng'ombe, kamwe si kwa plastiki, na upulize kidogo mlangoni kisha usubiri. Fungua kutoka upande ulio mbali na mlango, maana huko ndiko akiba ilipo, huku majana, yaani watoto wa nyuki, yakikaa karibu na mlango. Inua kiunzi kimoja kimoja, sega likiwa wima wakati wote, kwa kuwa sega jipya lililolazwa hukatika kwa uzito wake. Kata ukiacha utepe wa sentimita moja au mbili chini ya kiunzi ili nyuki waendeleze palepale. Ukifika kwenye sega lenye majana au chavua nyingi, simama. Kilichobaki ni chao, na kundi lililonyang'anywa akiba yote huhama. Ukidungwa, kwangua mwiba kwa ukucha na ufukize mahali hapo, kwani mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine.

Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na maana ya vitendo. Mfugaji wa mizinga mitano hana haja ya kumiliki mavazi matatu na bomba la moshi, bali anahitaji wenzake wanaoazimana vifaa hivyo kwa zamu na watu wa kwenda naye usiku. Afisa ufugaji nyuki wa wilaya pia husikiliza kikundi haraka zaidi, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora mjini kwa anayetaka mafunzo. Ukitaka kutundika ndani ya hifadhi ya msitu, tafuta kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, au cha serikali ya kijiji ikiwa msitu ni wa kijiji.

Asali ichujwe kwa kitambaa safi bila kupashwa moto, kisha ihifadhiwe katika ndoo za vyakula zenye mfuniko unaobana, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa. Makapi yaoshwe na kuyeyushwa katika maji ya moto ili kupata nta. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida huifanya nta iwe nyeusi. Bonge likishaganda, andika jina lako juu yake kabla ya kulipeleka kwenye ghala la kikundi, na upimaji ufanyike mbele ya mwenyewe.