Kashata alipokakamaa: kumhudumia shuga glaida mwenye kifafa

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini usiku. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Houston, hata viatu sijavua, nikasikia kitu kinagonga sakafu ya tundu. Nikawasha taa. Kashata alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda nyuma, mikono na miguu imekakamaa. Baada ya muda mfupi ile mikono midogo ikaanza kupiga hewa, mate yakamlowanisha kidevu, na mkia ukanyooka kama kijiti. Binti yangu akatoka chumbani mbio: "Mama, Kashata anakufa!"

Hakufa. Imepita miaka mitatu, na jana usiku aliruka kutoka kwenye pazia akatua begani kwangu. Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa ajili ya mtu ambaye yatamkuta usiku kama ule. Mikono ikishatetemeka, mtu huelewa haraka zaidi lugha aliyonyonya.

Kwa asiyemjua, shuga glaida ni mnyama wa usiku mwenye macho makubwa kama komba wetu, ila si ndugu wa komba. Jike hubeba mtoto mfukoni kama kangaruu. Kwao ni Australia na Papua. Ana ngozi iliyotandazwa kutoka mkononi hadi mguuni, na kwa ngozi hiyo huweza kupaa mita 50 kutoka mti hadi mti. Mkubwa wake huwa na uzito wa gramu 80 hadi 160. Kashata wangu ana gramu 106, kama andazi moja. Ushike sana udogo huo, kwa sababu ndio unaobadilisha kila kitu. Moyo wake hupiga mara 200 hadi 300 kwa dakika, na sukari anayotumia mwilini huisha upesi. Mbwa akipata kifafa cha dakika moja, daktari anaweza kukwambia usubiri hadi asubuhi. Kwa shuga glaida hakuna kusubiri asubuhi.

Anapokuwa katikati ya kifafa

Tazama saa kabla hujafanya lolote. Kazini kwangu ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa mzee akianguka, nami nashukuru mazoea yale yalinisaidia. Sekunde 50 zilionekana kwangu kama nusu saa. Kama nisingetazama saa, ningemwambia daktari uongo bila kujua.

Usimshike wala usimkandamize. Usimtie kitu mdomoni, hata tone la maji au asali, kwa sababu hawezi kumeza na kitaingia mapafuni. Kazi yako ni kuondoa vya kumuumiza. Toa gurudumu, matawi na vyombo vya chakula, kisha tandika kitambaa laini chini yake. Kama yuko juu kwenye rafu ya tundu, mtelezeshe kwenye kitambaa umshushe. Kama ana mwenzake, mtoe mwenzake kwanza. Halua, jike wetu, alikuwa akimvuta sikio kwa meno, nadhani alikuwa anajaribu kumwamsha.

Zima taa kubwa. Zima televisheni. Mwambie mtoto anyamaze, kwa upole, maana naye ameogopa. Halafu mpe simu arekodi video. Kumpa binti yangu kazi ile kulimtuliza, na sekunde 30 za video yake zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Nikiri jambo moja. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua bomba la maji baridi. Nimekulia Tanga, na kwetu mtoto akishikwa na degedege wazee walisema ni ndege aliyepita juu yake usiku. Bibi yangu alikuwa na dawa zake za kufukiza na maji ya kumwagia, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mnyama wa gramu mia akimwagiwa maji baridi hupoteza joto kwa dakika chache, na baridi peke yake inaweza kumuua. Usimmwagie maji. Usimfukize chochote, hata ubani.

Kikishapita

Atakuwa amelegea, macho wazi lakini hakutambui. Baadhi huuma, hata yule ambaye hajawahi kukuuma. Mchukue kwa kitambaa, si kwa mkono mtupu, umtie ndani ya mfuko wake wa kulalia. Chini ya mfuko weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga mara mbili. Shavu lako likiguswa na ile kanga lione uvuguvugu tu, lisichomeke. Acha upande mmoja wa sanduku bila joto ili akisikia moto asogee.

Subiri hadi aweze kuinua kichwa na kulamba midomo mwenyewe. Hapo, na si kabla, chovya ncha ya kidole kwenye asali umpake kwenye ufizi, kiasi cha punje ya mchele. Kama sukari imeshuka, hiyo itamsogeza mpaka ufike kwa daktari. Akishindwa kulamba, acha.

Kisha mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana amepona. Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajapata fahamu, usisubiri hata hiyo asali. Chukua funguo utoke. Kashata alishikwa mara ya pili ndani ya gari.

Kuna jambo hukosewa sana, na lilishanikuta kabla. Februari 2021, barafu ilipoangusha umeme sehemu kubwa ya Texas, nilimkuta Kashata amejikunja, baridi kama jiwe, hasogei. Nilidhani amekufa. Kumbe shuga glaida akipigwa na baridi au njaa hupunguza kazi ya mwili hadi akaonekana maiti. Nilimweka kifuani chini ya sweta, na baada ya dakika arobaini akaanza kujinyoosha. Huyo alikuwa amelala kwa baridi. Mwenye kifafa hukakamaa, hupiga mateke, hutoa mate, pengine hujikojolea. Kutetemeka kidogo anapoamka jioni nako ni kwa kawaida, na akikuona huacha.

Kwa daktari

Kliniki ya kwanza niliyopiga simu usiku ule ilinijibu kwamba hawatibu wanyama wa aina hiyo. Ya pili pia. Ya tatu, mwendo wa dakika arobaini, ilikuwa na daktari anayewajua. Ndiyo maana nakusihi utafute namba hiyo leo, mnyama akiwa mzima. Piga, uliza kama wanatibu shuga glaida, na kama wapo usiku. Iandike kwenye karatasi uibandike juu ya tundu. Hapa Marekani ujue pia sheria za jimbo lako, kwani California, Alaska na Hawaii haziruhusu kumfuga kabisa.

Beba video, majina ya vyote anavyokula (piga picha makopo na pakiti), choo chake kibichi kwenye mfuko mdogo, na dawa yoyote iliyopulizwa ndani ya nyumba. Nilipoulizwa kuhusu dawa ya mende nilikumbuka kwamba fundi alikuwa amepuliza jikoni wiki iliyotangulia. Haikuwa hiyo, lakini ilibidi iulizwe.

Usishangae wakimlaza kwa hewa ya usingizi ili wapige eksirei na kuchota damu. Mwili wa gramu 100 una damu kama mililita saba tu, na hawachukui hata moja kamili. Kashata alipigwa sindano ya kutuliza kifafa, akawekwa kwenye sanduku la joto na oksijeni. Baadaye daktari akanionyesha picha ya mifupa yake. Nimeona eksirei nyingi za wazee kazini. Mapaja yake yalikuwa kama yamechorwa kwa penseli iliyokwisha ncha, ukingo unafifia, katikati kama moshi. Kalsiamu ya damu ilikuwa chini sana.

"Dada, unamlisha nini?" daktari aliniuliza. Alikuwa Mkenya, nikapata faraja ya kulia kwa Kiswahili.

Sahani ndiyo iliyomwangusha

Nilikuwa namlisha mahindi mabichi, zabibu, ndizi, na funza wa unga kila usiku kwa sababu anawapenda. Kwa macho yangu alikuwa anakula vizuri kuliko mimi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwili wake unataka kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Gramu 100 za mahindi matamu zina kalsiamu miligramu 2 na fosforasi kama 89. Ndizi ina 5 kwa 22, zabibu 10 kwa 20. Funza na nyenje nao wana fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu. Mlo wa namna hiyo ukiendelea miezi, damu hukosa kalsiamu, na mwili huanza kuikopa kwenye mifupa. Mifupa huwa dhaifu. Siku mkopo ukikataliwa, neva na misuli hukosa breki, na hapo ndipo kifafa kinapokuja.

Dalili zilikuwepo, sikuzisoma. Kwa wiki mbili alikuwa anateleza kwenye tawi alilolizoea. Miguu ya nyuma ilikuwa inaburuzika kidogo asubuhi. Binti yangu alisema amekuwa mvivu, nami nikakubali. Ukiona shuga glaida anaburuza miguu ya nyuma, huna haja ya kungoja kifafa. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Sasa chakula chake kikuu ni mchanganyiko ambao hutumika sana hata kwenye bustani za wanyama: mililita 150 za maji vuguvugu, mililita 150 za asali, yai moja lililochemshwa na kumenywa, gramu 25 za unga wa uji wa watoto wenye protini nyingi, na kijiko cha chai cha unga wa vitamini na madini alioutaja daktari. Nasaga, nagandisha kwenye trei ya barafu, na kila jioni nayeyusha kipande. Kando yake naweka papai, ambalo kalsiamu yake ni mara mbili ya fosforasi, au kipande cha chungwa. Wadudu hupata wachache, na nyenje hao huwapaka unga wa kalsiamu kwanza. Mchicha nilidhani ungefaa, lakini una asidi inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Utomvu wa mgunga naununua wa unga. Nikiufungua nakumbuka tulivyokuwa tukibandua ulimbo kwenye migunga tukiwa watoto na kuutafuna njiani. Porini kwao ndicho chakula chao hasa, utomvu na mbelewele za maua.

Usikimbilie kumpa kalsiamu ya kopo kwa kubahatisha, kwani ikizidi, hasa pamoja na vitamini D, huharibu figo. Daktari alitupa ya maji kwa wiki nne kwa bomba dogo lisilo na sindano, matone ya kuhesabu.

Na si kila kifafa ni kalsiamu. Sukari kushuka, kuanguka na kuumia kichwa, sumu ya wadudu, chokoleti, peremende zenye zailitoli (sukari mbadala), waya wa tundu uliopakwa zinki ambao ameutafuna, karanga zenye ukungu unaoua ini, vijidudu vya kinyesi cha paka: vyote vinaweza kumfikisha hapo. Ndiyo maana damu na eksirei haviepukiki.

Nyumbani baada ya hospitali

Alikaa huko siku mbili. Aliporudi tulimwekea tundu fupi lisilozidi kimo cha goti, bila gurudumu wala tawi la juu, kwa wiki sita, kwa sababu mifupa ile ingevunjika kwa kuruka tu. Chumba kilikaa kati ya nyuzi 24 na 27. Halua alilala kwenye mfuko wa jirani, waya kati yao, ili wanusane. Shuga glaida akitengwa huacha kula, hivyo sikuwatenga kabisa. Siku ya kumi daktari aliporuhusu walale pamoja, Halua alimlamba masikio mpaka yakalowa.

Wengine hubaki na kifafa na hupewa dawa ya kila siku kama fenobabitoni. Kipimo chake hufuata uzito, kwa hiyo mizani ya jikoni ya kusoma gramu moja moja ni lazima. Usiache dozi ghafla hata kama wiki nzima imepita salama, na usimpe ya mbwa wala ya mtu. Tone moja la ziada ni kubwa kwake.

Nina daftari lenye jalada la bluu. Kila Jumapili binti yangu anampima ndani ya bakuli la uji, anaandika gramu, anaandika amekula nini, na kama ameteleza. Kuna ukurasa wenye namba 91 iliyozungushwa kalamu nyekundu, ya siku ile. Jumapili iliyopita ameandika 106, na pembeni: "amekataa papai, amemnyang'anya Halua chungwa."