Kumsaidia mtafunaji wa muguka aliyeanza kusikia sauti

Nchini Kenya miraa na muguka huuzwa hadharani, kwa hiyo wengi huyachukulia kuwa majani tu. Hata hivyo, kemikali ya kathinoni iliyomo huchangamsha ubongo kwa namna inayokaribiana na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha, na mtu anayetafuna kutwa hadi usiku wa manane, siku baada ya siku, bila kula wala kulala vya kutosha, anaweza kufika mahali pa kusikia sauti au kuamini kwamba majirani wanamfuatilia. Ikifika hapo, uraibu na maradhi ya akili hutibiwa pamoja.

Anzeni hospitalini, iwe kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti au Mathari kwa walio Nairobi, kabla ya kutafuta kituo cha urekebishaji. Mwelezeni daktari bila kuficha anatafuna kiasi gani, alilala lini mara ya mwisho, na hutumia nini kukata handasi, yaani ule mchangamko wa jani, ili alale. Wengi hunywa pombe au kumeza vidonge vya usingizi, na kuviacha ghafla baada ya mazoea ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Mraibu wa heroini anaweza kupewa methadoni, dawa ya kuchukua nafasi ya heroini, lakini miraa haina dawa kama hiyo. Olanzapini au haloperidoli atakayoandikiwa ni ya kutuliza sauti na hofu. Dalili hizo mara nyingi hupungua katika siku au majuma machache baada ya kuacha. Zikipita mwezi, daktari atachunguza maradhi mengine, kama vile skizofrenia.

Siku za mwanzo atalala sana, ataota ndoto za kutisha na atakosa raha. Mwacheni alale, mpeni uji na maji, wala msimwite mvivu. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, na arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipia kituo, ulizeni kama kina kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ambayo hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192, daktari wa akili hufika mara ngapi, na nani hutunza dawa za wagonjwa. Kituo kinachofunga watu minyororo, au kinachodai kwamba maombi yanatosha na dawa ziachwe, hakifai hata kikiwa cha bei nafuu.

Akirudi nyumbani, saa ngumu ni alasiri, wenzake wanapokaa barazani na karanga na bazoka (ubani wa kutafuna) zao. Kwa maoni yangu wengi huvutwa na baraza kuliko jani, hivyo mtafutieni kazi au mchezo wa saa hizo. Shingo ikikakamaa au mikono ikitetemeka kwa sababu ya dawa, arudi kliniki zibadilishwe, asiziache mwenyewe. Na akikesha usiku mbili mfululizo, mpelekeni kliniki bila kungoja sauti zirudi.